Nani Alisema Ngong Hakuna Watu?

John Barry ametuharibia masikio, na acha niseme hivyo wazi kabla hujaniletea mambo ya kuheshimu marehemu. Mwingereza huyu, mzaliwa wa York, alishinda Oscar tano maishani mwake. Tatu kati ya hizo zilitokana na filamu zilizopigwa hapa kwetu: mbili za Born Free ya 1966, moja ya muziki na nyingine ya wimbo, halafu moja ya Out of Africa ya 1985. James Bond, aliyemtungia muziki wa filamu 11, hakumpa hata moja. Ukipiga hesabu vizuri, simba wetu na vilima vyetu vilimlipa kushinda yule jasusi.

Ile sehemu ya ndege unaijua. Hata kama hujawahi kutazama Out of Africa, unaijua, maana imeigwa hadi imechakaa. Ndege ndogo ya manjano, Meryl Streep mbele, Robert Redford nyuma, flamingo wanapaa kutoka ziwani, na juu ya yote hayo fidla kibao zinaimba kwa pamoja sauti moja ndefu, polepole, baragumu zikiishikilia kutoka chini. Sikiza vizuri: mdundo ni kama haupo. Hakuna anayetembea ndani ya muziki huo. Hakuna anayelima wala anayekimbilia soko kabla jua halijawa kali. Ni upana tu.

Ni mtamu, sikatai. Nimewahi kuusikiza ndani ya matatu, jam ya jioni, nikajihisi kama mtu mwenye shamba. Hapo ndipo shida inaanzia.

Kazi ya mtunzi wa muziki wa filamu ni kukuonyesha kitu kabla macho yako hayajakiona. Chukua Jaws ya 1975. John Williams anatumia noti mbili tu. Papa mwenyewe haonekani, ni maji tu, lakini wewe tayari umepandisha miguu juu ya kiti. Sasa, kama okestra inaweza kumleta papa mahali ambapo haonekani, basi inaweza pia kuwafuta watu mahali wanapoishi. Ngong ilifanya hivyo.

Karen Blixen alipofika 1914, Wamaasai walikuwa wameshawekewa mikataba miwili, wa 1904 na wa 1911, ya kuwatoa kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa na Laikipia. Na shamba lake lenyewe lilikuwa limejaa familia za Wakikuyu. Tuwe wa haki: filamu inalijua hilo. Kuna mahali Karen anapiga magoti mbele ya gavana, watu wote wakitazama, akiomba hao Wakikuyu wapewe ardhi. Nani anapakumbuka? Uliza watu kumi, tisa watakuambia ndege. Fidla ziliwaambia pa kuangalia, na hazikuwaambia waangalie magoti.

Unaona natia chumvi? Basi fanya jaribio. Miaka mitano baadaye Barry alitunga muziki wa Dances with Wolves, tambarare za South Dakota, nchi ya Walakota, akapata Oscar yake ya tano. Zima sauti ya ile ndege yetu, halafu cheza muziki wa South Dakota juu ya picha. Unakaa kama nguo iliyoshonwa kwa fundi. Kumbe haukuwa muziki wa Afrika hata siku moja. Ulikuwa muziki wa ardhi ya mtu mwingine ikitazamwa kutoka juu.

Sawa, hao walikuwa wageni. Sisi je? Fungua simu yako sasa hivi. Tangazo la ploti Kitengela: droni inapaa, nyasi, vigingi vyeupe, fidla. Hifadhi ya wanyama: droni, twiga, fidla. Filamu fupi ya kijana wa Umoja kuhusu nyanyake: droni, mlima, fidla alizonunua mtandaoni kwa dola chache, zilizorekodiwa na mtu asiyejua huyo nyanya yuko bara gani. Nyanya mwenyewe anatokea dakika ya tatu, mdogo kama sisimizi. Tumejifunza kuangalia kwetu kupitia dirisha la ndege ambayo wengi wetu hatujawahi kupanda.

Najua utaniambia, basi tutupe fidla tuweke ngoma. Zii. Ngoma nazo zimeshageuzwa muhuri: jua likichomoza, kwaya inaita kwa mbali, mgeni anajua amefika Afrika. Halafu nenda Korogocho uwaambie watoto wa Ghetto Classics kwamba chelo ni mali ya wazungu, uone watakavyokuangalia. Okestra ni watu, mbao, shaba na nyuzi. La muhimu ni nani ameandika ile karatasi iliyo mbele yao, na anajua nini kuhusu watu walio chini ya ile ndege.

Mwaka uleule wa Out of Africa, 1985, Mjapani Tōru Takemitsu alitunga muziki wa Ran ya Akira Kurosawa. Kuna vita kwenye ngome pale. Kurosawa anaondoa sauti zote, hakuna mayowe, hakuna risasi, inabaki okestra peke yake ikiomboleza juu ya maiti. Ni ala zilezile alizokuwa nazo Barry, fidla na baragumu, lakini huwezi kutoka hapo bila kuwa umewahesabu waliokufa. Na Takemitsu ndiye, mwaka wa 1967, aliyeweka biwa na shakuhachi, ala za kwao, mbele ya okestra ya New York, akaziacha zisimame upande wao bila kulazimishwa kufanana na fidla.

Sisi tuna Ayub Ogada. The Constant Gardener ya 2005 ilitungiwa muziki na Mhispania Alberto Iglesias, naye akateuliwa kuwania Oscar, lakini wengi tulitoka na Kothbiro: nyatiti, nyuzi nane, na sauti inayosema kwa Kijaluo kwamba mvua inakuja. Ndani ya muziki huo kuna mtu, na ana haraka ya kufika nyumbani. Ila angalia ilivyoingia. Ulikuwa wimbo uliorekodiwa miaka mingi kabla, ukachukuliwa ukatiwa ndani. Ogada alikuwa chumvi. Jikoni walikuwa wengine.

Kwa hivyo ugomvi wangu leo ni na maprodusa wa hapa Nairobi. Mnakodi kamera za bei, mnalisha watu wiki tatu, halafu siku sita kabla ya filamu kutoka mnampigia kijana mmoja simu: tufanyie kitu kama Hans Zimmer, lakini bajeti imeisha. Akikataa, mnaenda mtandaoni. Sergio Leone alimwita Ennio Morricone kabla ya kupiga Once Upon a Time in the West, akapata muziki kwanza, akawachezea waigizaji wakiwa kazini, wakatembea kwa kasi ya muziki huo. Hiyo ni 1968, na inahitaji simu moja tu, ikipigwa mapema.

Ipigeni. Mpelekeni mtunzi Ngong, siku ya kawaida, kwa miguu, script ikiwa bado karatasi. Kuna mitambo ya upepo inanguruma, mbuzi, bodaboda zinazopanda kwa gia ya kwanza, mama wa mahindi choma anayebishana na mteja kuhusu chenji. Mwambieni aandike hayo: nyatiti moja, chelo sita, baragumu mbili. Na mumlipe kabla ya droni.