Msomi ni Anayeuliza

Watu wengi wakisikia neno "msomi" humfikiria mtu mwenye vyeti vingi, aliyesoma ng'ambo na anayesema maneno mazito. Mimi sioni hivyo. Kwangu mimi msomi ni mtu anayeuliza kabla ya kuamini. Mtu wa namna hiyo anaweza kutoka katika kijiji chochote. Mmoja alitoka Makunduchi, kusini mwa Unguja.

Jina lake ni Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa mwaka 1918. Alipomaliza masomo alifanya kazi ya ukaguzi wa afya. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la wakulima wa Zanzibar. Kazi hiyo aliifanya mpaka alipostaafu mwaka 1968. Alifariki mwaka 1991.

Hebu tuitazame kazi yake ya kwanza. Mkaguzi wa afya akisikia kwamba watoto wa mtaa fulani wanaharisha, hakai akasema, "Ni bahati mbaya." Huenda kisimani. Hutazama choo kiko umbali gani na kisima. Huuliza kama maji yanachemshwa. Anatafuta sababu. Mimi naamini kwamba mazoea hayo ya kutafuta sababu ndiyo aliyoyatia katika vitabu vyake.

Katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, hadithi yake ilishika nafasi ya kwanza. Ilipigwa chapa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Ndani yake mtu ameuawa, na maiti yake imekutwa mzimuni. Watu wameingiwa na hofu. Ni rahisi kusema kwamba mzimu umekasirika, na habari ikaishia hapo.

Lakini anakuja Bwana Msa. Yeye si askari. Ni mtu mwenye kiko mdomoni na maswali mengi kichwani. Anafuatana na rafiki yake Najum. Bwana Msa anatazama vitu ambavyo wengine wamevipita. Anauliza nani alikuwa wapi, na nani atafaidika kwa kifo hiki. Mwisho tunajua kwamba mkono ulioua ni mkono wa mtu.

Ukiwa na chaki, andika ubaoni herufi za kwanza za jina Muhammed Said Abdulla. Utapata M, S na A. Umeona? Mwandishi alijificha ndani ya jina la Bwana Msa.

Bwana Msa alirudi katika vitabu vingine. Kisima cha Giningi kilitoka mwaka 1968, na Duniani Kuna Watu mwaka 1973. Mwaka 1974 kikatoka Siri ya Sifuri. Ndiye aliyefungua njia ya hadithi za upelelezi kwa Kiswahili. Baada yake Zanzibar ilitoa waandishi wengine wakubwa wa riwaya. Mohamed Suleiman Mohamed aliandika Kiu mwaka 1972, na Adam Shafi aliandika Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978. Leo dunia inakijua kisiwa chetu pia kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Tuna haki ya kufurahi. Lakini mtu wa Makunduchi aliyeandika kwa lugha ya nyumbani asisahauliwe.

Wako watakaosema, "Hadithi ni maneno ya kubuni. Sisi tumejifunza kusoma ili tujue mizani ya karafuu, tusome risiti, tuandike barua." Ni kweli, mambo hayo yana faida. Asiyejua kusoma mizani hupunjwa. Lakini uvumi nao hupunja, na mara nyingine huua.

Tukumbuke mwaka 1995. Khofu ya popobawa ilianza Pemba ikavuka mpaka Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, wakakesha usiku kucha. Kila mmoja alisimulia alichosikia kwa mwingine. Mjini Unguja mtu mmoja, mgonjwa wa akili, alidhaniwa kuwa ndiye popobawa. Watu walimpiga mpaka akafa. Laiti angetokea mmoja katika kundi lile akauliza, "Huyu ni nani? Ametoka wapi? Nani amemwona akifanya kosa?" Maswali matatu tu. Pengine yangeokoa roho ya mtu.

Siku zile uvumi ulitembea kwa miguu na kwa vyombo vya baharini. Leo hupita katika simu, na kabla chai haijapoa umefika kila kijiji. Kwa hiyo haja ya kuuliza imezidi.

Wengine watasema kwamba kusoma vitabu hivi ni kuwadharau wazee na mila. Sivyo. Abdulla alizaliwa kijijini, na mambo ya mizimu aliyajua. Hakuandika kuwacheka watu wake. Mzee anastahili heshima, na mahali pa kale pana historia yake. Lakini heshima isiwe pazia la muuaji kujifichia. Mtu akifa, tutafute sababu. Mtoto akiugua, tumpeleke hospitali. Mali ya chama ikipotea, tufungue daftari tuhesabu, tusimsingizie jini.

Kwa hiyo natoa shauri. Kila darasa la watu wazima lijipatie kitabu kimoja cha Bwana Msa. Kama fedha ni chache, wanakisomo wachangiane. Jioni, baada ya kazi za shamba, mkutane barazani. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Aliye mwepesi amsaidie aliye mzito, na wasiojua kusoma wakaribishwe pia. Kabla ya kufika mwisho, fungeni kitabu. Muulizane: nani mkosaji, na ushahidi wake ni upi? Anayesema "nadhani" aambiwe aonyeshe ukurasa.

Hapo mtakuwa hamsomi hadithi tu. Mtakuwa mnajifunza kupima maneno. Siku neno baya litakapoingia kijijini, mtakuwa tayari kulipima kabla ya kushika fimbo.

Kujua herufi ni kupata ufunguo. Mlango bado haujafunguliwa. Unafunguka siku unapouliza, "Nani kasema? Amejuaje?" Siku hiyo, ndugu, nawe umekuwa msomi, hata kama huna cheti ukutani.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kazi ya mkaguzi wa afya inafanana vipi na kazi ya Bwana Msa?
2. Taja uvumi mmoja uliowahi kuenea kijijini kwenu. Ulimdhuru nani?
3. Ukipata habari ya kutisha kwenye simu, utauliza nini kabla ya kumpelekea mwenzako?