Cheti cha ndoa kitangulie ndege

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, walisema wahenga. Lakini wengi wa vijana wetu waendao ng'ambo siku hizi hawana hakika ya kurejea. Walicho na hakika nacho ni kwamba wanataka wake zao, au waume zao, wawafuate. Na hapo ndipo safari nyingine huanza, ndefu kuliko ile ya kwanza, ambayo tiketi yake hainunuliwi katika shirika lolote la ndege. Ni safari ya karatasi.

Ni vigumu leo kupata kijiji katika eneo la Bondo, kuanzia ufuo wa Usenge hadi viungani mwa mji wenyewe, ambacho hakina mke anayesubiri viza. Mume yuko Marekani, Uingereza au Kanada. Kila wiki anapiga simu, kila mwezi anatuma fedha, na kila mwaka anasema mwaka ujao. Mke naye anaishi kwa wakwe, analea mtoto ambaye humfahamu babake kwa sauti na picha. Majirani hunong'ona kwamba ameachwa. Mara nyingi hakuachwa. Kilichokosekana ni ushahidi kwamba aliolewa.

Jambo hili la kuwaacha wake nyuma si geni kwetu. Kuanzia 1959, wakati Tom Mboya alipoanza kuwasafirisha wanafunzi kwa ndege kwenda Marekani, na Jaramogi Oginga Odinga, mzaliwa wa hapa Bondo, alipokuwa akiwatafutia wengine njia ya kwenda kusoma katika nchi za Ulaya ya Mashariki, baadhi ya vijana hao walikuwa watu wazima wenye familia. Mmoja wa wasafiri mashuhuri wa enzi hizo ni Barack Obama, baba wa rais wa 44 wa Marekani, aliyetoka Kogelo, si mbali na hapa. Alifika Hawaii mwaka huo wa 1959, akiwa amemwacha nyumbani mke aliyemwoa kimila. Februari 1961 akamwoa mwanamke wa Kimarekani. Kumbukumbu za idara ya uhamiaji ya wakati huo zinaonyesha kwamba maafisa walijiuliza mtu huyu ana wake wangapi, na kwamba yeye alikuwa amemweleza mshauri wa wanafunzi wa kigeni pale chuoni kuwa nchini Kenya mume humpa mke talaka kwa kumwambia tu kwamba amemwacha.

Mwenye kuzijua mila za Waluo atatabasamu kwa uchungu asomapo maneno hayo. Ndoa iliyotolewa ng'ombe haivunjwi kwa neno moja la mume aliye mbali. Wazee huitwa, na ng'ombe huulizwa. Lakini afisa wa Hawaii angejuaje? Hakuwa na karatasi ya ndoa, wala ya talaka. Alikuwa na neno la mtu mmoja. Miaka zaidi ya 60 baadaye, afisa anayeketi dirishani katika ubalozi wa Marekani kule Gigiri, Nairobi, mara nyingi yuko katika hali iyo hiyo anapomhoji mke kutoka Bondo.

Hebu tuitazame njia yenyewe. Mume aliye raia wa Marekani huanza kwa kuwasilisha fomu I-130 kwa idara ya uraia na uhamiaji ya nchi hiyo, akithibitisha kwamba kweli ana mke. Ombi likikubaliwa, faili hupelekwa katika Kituo cha Taifa cha Viza, ambako ada hulipwa, fomu nyingine hujazwa na hati hukusanywa: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, na hati ya mume ya kuahidi kumtunza mkewe, akionyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali ya huko. Kisha mke hupimwa afya na kuhojiwa Nairobi. Aliye raia hana foleni ya idadi. Mkewe huhesabiwa kuwa jamaa wa karibu. Aliye na kadi ya kijani tu, yaani mkaazi wa kudumu asiye raia, hungoja zamu, kwa kuwa viza za kundi lake zina kikomo kila mwaka.

Wapo pia waliopata uraia wa Marekani kisha wakarudi kuishi Kisumu au Bondo, hasa baada ya Katiba ya 2010 kuruhusu uraia wa nchi mbili, na wapo wanaofanya kazi katika nchi za Ghuba. Hawa hukutana na kikwazo ambacho wengi hawakukitarajia. Sheria humtaka mdhamini awe na makazi yake Marekani, au athibitishe kwa vitendo kwamba atarejea kuishi huko kabla ya mkewe kuingia au pamoja naye. Haitoshi kuwa na pasipoti. Huulizwa nyumba, akaunti ya benki, kodi ya mapato, barua ya kazi anayoiendea.

Uingereza nayo ina vizingiti vyake. Mwaka 2012 ilimtaka anayemleta mwenzi wake awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Aprili 2024 kiwango hicho kilipandishwa hadi pauni 29,000. Muuguzi kijana kutoka Siaya anayewatunza wazee wa watu usiku kucha aweza kuambiwa kwamba mshahara wake hautoshi kumpa haki ya kuishi na mumewe. Mimi naona hilo ni kuyapima mapenzi kwa mizani ya mfuko, na sitalitetea. Hata hivyo, sheria za London na Washington hatuwezi kuzibadilisha tukiwa Bondo. Yaliyo mikononi mwetu ndiyo ninayotaka tuyazungumze.

La kwanza kabisa ni cheti. Mfano ulio wa kawaida kwetu ni huu. Kijana anarudi nyumbani Desemba kwa wiki tatu. Jagam amekwisha kufanya kazi yake ya ushenga. Ayie inapelekwa kwa mama mkwe, na nyombo inafuata, ng'ombe wanahesabiwa, watu wanakula na kucheza. Machoni pa wazee, ndoa imekamilika. Januari kijana anapanda ndege. Mwaka mmoja baadaye anaanza kujaza fomu, na anapofika kwenye swali la cheti cha ndoa anapiga simu nyumbani kuuliza kama mtu anaweza kumchukulia.

Hawezi kuchukuliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 iliziweka ndoa za kimila katika daraja moja na zile za kanisani, za serikali, za Kihindu na za Kiislamu. Huo ulikuwa ushindi mkubwa kwa mila zetu. Lakini heshima huja na wajibu. Sheria hiyo inawataka waliooana kimila wamwarifu msajili katika muda wa miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika, na waombe cheti katika muda wa miezi sita, na wote wawili wafike mbele yake wao wenyewe. Usajili huo ulianza kutekelezwa Agosti 2017. Kwa hiyo kijana aliyekwisha kupanda ndege hana budi kununua tiketi nyingine ili aje kusimama dakika chache mbele ya meza. Jirani yangu mmoja alingoja miaka miwili kwa sababu hiyo tu: mumewe hakuweza kupata likizo wala nauli kwa pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hazilijui. Yapo maboma ambamo nyombo hufanywa mwana akiwa ng'ambo. Ndugu hupeleka ng'ombe, bibi arusi huletwa, naye bwana arusi hushuhudia kwa simu. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haimtambui mwenzi aliyeolewa katika sherehe ambayo wawili hao hawakuwa pamoja ana kwa ana, isipokuwa kama baada ya hapo walikutana wakaishi kama mume na mke. Anayeomba viza kwa ndoa ya namna hiyo kabla ya kurudi nyumbani hujenga nyumba juu ya mchanga. Aidha, sheria yetu huichukulia ndoa ya kimila kuwa ni ya wake wengi, au yenye kuweza kuwa hivyo. Kule, mke wa pili hatambuliwi hata kama ukoo mzima ulishuhudia. Mwenye mke mmoja, na anayekusudia kubaki na mmoja, anaweza kutangaza pamoja na mkewe kwamba ndoa yao ni ya mke mmoja. Sheria ya 2014 imempa nafasi hiyo.

La pili ni ukweli. Nasikitika kusema kwamba baadhi ya wake wanaongoja hapa Bondo hawakukwamishwa na ubalozi. Walikwamishwa na kalamu ya mume. Bahati nasibu ya viza, ambayo kwa miaka mingi iliwapeleka Wakenya wengi Marekani, ilimtaka kila aliye na mke amtaje. Wapo waliojiandika makapera wakidhani njia itakuwa nyepesi. Wengine walijaza hivyo walipoomba viza ya masomo. Sasa wanataka kumleta mke wa mwaka 2012 ilhali fomu ya 2015 inasema hawajawahi kuoa. Kauli ya uongo katika jambo zito kama hilo yaweza kumfungia mtu mlango wa Marekani maisha yake yote, asipopewa msamaha maalumu, na hata kuitia shakani kadi ya yule aliyekwisha kuingia. Njia ya mwongo ni fupi, na anayebaki mwisho wa njia hiyo ni mwanamke ambaye hakuandika neno hata moja.

Najua litakalosemwa. Wazee watauliza: Tangu lini ng'ombe wetu wakahitaji mhuri wa serikali? Je, ndoa za babu zetu zilikuwa bandia? La hasha. Kwa hakika sheria ya Marekani yenyewe husema kwamba ndoa iliyo halali mahali ilipofungwa ni halali huko pia. Hakuna anayezidharau ng'ombe za Bondo. Tatizo ni kwamba ng'ombe hawezi kutiwa katika bahasha. Shahidi wa nyombo ni mjomba aliyekula mchuzi siku ile, naye afisa wa Gigiri hamfahamu mjomba. Cheti huibeba kauli ya wazee hadi mahali ambapo wazee hawawezi kufika.

Tena cheti si kwa ajili ya wageni tu. Mume akifariki huko ng'ambo, mjane asiye na cheti huanza kubishana na mashemeji na mabenki papa hapa nyumbani. Kwa hiyo hata yule ambaye hana nia ya kwenda popote anakihitaji.

Basi nina mambo matatu ya kuomba. Familia zetu ziuweke usajili katika ratiba ya harusi, kama zinavyoweka siku ya ayie na siku ya nyombo. Mzazi anayepokea ng'ombe kutoka kwa kijana wa ng'ambo aulize mapema: Mnakwenda kwa msajili lini? Na kijana asikate tiketi ya kurudi kabla ya jibu kupatikana. Katika siku hizo hizo yalinganishwe majina ya kitambulisho, ya pasipoti na ya cheti cha ubatizo, kwa kuwa herufi moja iliyopotea yaweza kuirudisha faili nyuma.

Mwanasheria Mkuu naye awasogezee wananchi huduma. Kutoka Bondo hadi Kisumu ni kiasi cha kilomita 60, na mwenye likizo ya wiki tatu hana siku za kupoteza njiani. Msajili anayezuru Bondo kila Desemba na kila Aprili, wakati wana wa ng'ambo wanaporudi, angekata kiu ya wengi kwa gharama ndogo.

Bunge, kwa upande wake, liitazame upya kanuni ya kufika wote wawili. Nia yake ni njema: kuzuia ndoa za kulazimishwa na za udanganyifu. Lakini aliyeko Washington au London aweza kufika mbele ya afisa wa ubalozi wa Kenya, akaonyesha pasipoti yake, akakiri kwa kinywa chake kwamba huyu ni mkewe, huku mkewe akikiri hivyo hivyo mbele ya msajili wa nyumbani. Nia ya sheria itakuwa imetimizwa, na tiketi moja itakuwa imeokolewa.

Serikali yetu hupenda kusifu fedha zinazotumwa nyumbani na Wakenya walio ughaibuni. Fedha hizo zina wenyewe, na wenyewe wana wake na waume. Taifa linalopokea jasho lao halipaswi kushindwa kuwapa karatasi moja ya kuthibitisha kwamba wameoa na kuolewa.