Ruzuku Inafuata Ekari, Haifuati Jembe

Muhula uliopita, kwenye kipindi cha sera ya kilimo, mhadhiri alituuliza: nani nyumbani kwao wamewahi kununua mbolea ya ruzuku? Mikono ikapanda karibu darasa zima. Mimi nikainamia daftari kama sijasikia. Jirani yangu akanigusa kwa kiwiko. "Wewe si mtu wa Mufindi? Kwenu si ndiko kwenye mahindi?" Nikamwambia kwetu tunalima, ila hatuna shamba. Akacheka, akadhani namtania.

Simtanii. Mama yangu ni kibarua. Asubuhi anapewa kipande kwenye shamba la mtu, akikimaliza analipwa, asipokimaliza anarudi kesho kukimalizia kwa hela ile ile. Msimu wa palizi yuko kwenye mahindi ya watu, kiangazi anafyeka njia za moto kwenye mashamba ya miti. Na kila mwaka, tangu nikiwa darasa la tano, alikuwa anakodi ekari moja na nusu ili nasi tupate debe zetu za kula. Ada yangu ya sekondari ilitoka hapo: vipande vya watu, na ile ekari na nusu ya kukodi.

Agosti 8, 2022, siku ya Nane Nane pale Mbeya, Rais Samia alizindua ruzuku ya mbolea. Vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei dunia nzima, na mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea ulikuwa umepita 120,000. Kwa ruzuku ukashuka hadi 70,000. Jamani, kwa mtu anayelipwa kwa kipande, hiyo tofauti ni siku nyingi za kuinama. Mama akaenda kujiandikisha. Akaulizwa shamba liko wapi, akataja. Yule aliyekuwa anaandika akaangalia karatasi zake, akasema hilo eneo limeshaandikwa kwa jina la mwenyewe. Na kweli, mwenye shamba, mfanyabiashara wa mjini, alikuwa amesajili ekari zake zote, pamoja na zile alizotukodisha. Namba ikaingia kwenye simu yake. Mifuko akaipeleka kwenye shamba lake lingine, ambako analima kwa trekta.

Sisemi huyu bwana aliiba. Aliulizwa ana ekari ngapi, akajibu ukweli. Tatizo ni swali lenyewe. Hakuna aliyemuuliza: msimu huu nani anazilima?

Wenzangu mnaokaa nje ya hosteli mtanielewa haraka. Fikiria siku bumu linatoka, halafu linaingia kwa mwenye nyumba wako, eti kwa sababu chumba unachosomea ni chake. Ungeandamana. Nyumbani watu hawaandamani, wanarudi kwenye kipande.

Na si jambo la kuanza juzi. Kwenye mpango wa vocha ulioanza 2008, masharti yalikuwa na nia nzuri: kaya inayolima mahindi au mpunga, isiyozidi hekta moja, inapewa vocha ya mbolea ya kupandia, ya kukuzia na ya mbegu, za kutosha ekari moja. Lakini ulitakiwa uwe na uwezo wa kulipa kama nusu ya bei. Sasa kibarua nusu hiyo anaitoa wapi Novemba, mwezi ambao gunia la mwaka jana limeshaisha na kazi za palizi hazijaanza? Sehemu nyingi watu waliishia kuuza vocha kwa hela kidogo. Tuliosoma ripoti za mpango ule darasani tuliambiwa huko ni "kuvuja kwa ruzuku". Mimi nikasoma nikamwona mama.

Kuna hoja moja ninaiheshimu, na jirani yangu wa darasani aliitoa vizuri tulipoendelea kubishana kantini. Alisema mbolea ikiwa rahisi, shamba linazaa, palizi inakuwa nyingi, kuvuna kunakuwa kwingi, kwa hiyo kibarua naye anapata siku za kazi. Ni kweli. Mama mwenyewe anakiri mwaka ule kazi zilikuwepo. Ila bei ya kukodi ekari nayo ilipanda, kwa kuwa kila mwenye ardhi alijua sasa inazalisha zaidi. Na bei ya kipande haikusogea. Hebu tazama hata kima cha chini cha mshahara wa sekta ya kilimo: 2013 kiliwekwa 100,000 kwa mwezi, kikakaa hapo hapo mpaka amri mpya ya mwaka 2022. Miaka tisa! Na hiyo ni kwa mwenye mwajiri anayejulikana. Wa kipande hesabu yake anaijua msimamizi.

Kilichofuata kwetu ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Msimu wa 2024 mwenye shamba alisema hakodishi tena, anapanda miti. Simlaumu sana; miti haihitaji uwe karibu, haihitaji Urea, na Mafinga mbao zina soko. Mama akapata kazi ya kupanda. Mita 3 kwa 3, kama miche 440 kwa ekari, akachimba mashimo ya misindano kwenye udongo ule ule aliokuwa anapanda mahindi. Aliniambia kwa simu kama habari ya kawaida tu, "Tumemaliza kupanda kule kwetu." Kule kwetu!

Miaka miwili ya mwanzo msindano una kazi: kupalilia, kufyeka. Wengine wanaruhusiwa kulima mahindi katikati ya miche. Mwaka wa tatu au wa nne kivuli kimefunga, huwezi kupanda kitu chini yake, na kazi zinabaki kupogoa mara chache na kusubiri. Siku ya kuvuna wanakuja vijana na dingidongi yao, wanapasua mbao wiki kadhaa wanaondoka. Ekari iliyokuwa inatoa kazi kila mwaka sasa inatoa kazi kwa vipindi, na chakula haitoi.

Tena miti nayo ina msaada wake. Mradi wa Panda Miti Kibiashara, ulioanza 2014 kwa fedha za Finland na serikali yetu, ulisaidia vijiji vya Nyanda za Juu Kusini kupata mipango ya matumizi ya ardhi, na vikundi vya wapanda miti vikasaidiwa. Kazi nzuri, misitu imeongezeka. Lakini ili upande miti lazima uwe na pa kuipanda. Ekari tena.

Hapo ndipo naona mlango upo, tunaupita tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inagawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya pamoja, ya watu binafsi, na ile iliyobaki ambayo kijiji kinaweza kuigawa baadaye. Mpango wa matumizi unapita kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Haijaandikwa "mwenye shamba". Kibarua ana kura sawa na yule mwenye ekari mia. Kijiji kinaweza kuamua kipande cha ardhi kibaki cha mazao ya chakula, kikodishwe kwa wasio na shamba, kisipandwe miti. Ramani ya kwetu, iliyobandikwa ofisi ya kijiji, ina rangi moja tu ya "kilimo", na ndani ya rangi hiyo msindano na mhindi ni kitu kimoja.

Nilimuuliza mama kama alikuwepo walipoipitisha. Akanijibu, "Mkutano wanaita saa nne asubuhi, mwanangu. Saa nne mimi niko kwenye kipande."

Julai wengi wetu tunakwenda fildi, na mwaka jana wenzetu kadhaa walipangiwa kusaidia kuhuisha daftari za wakulima vijijini. Mkipewa fomu, ikiwa na nafasi ya mwenye shamba tu, chora mstari pembeni muandike na jina la anayelima. Bosi wenu wa fildi atauliza hiyo safu imetoka wapi. Mwambieni. Na mkikuta mtendaji anapanga mkutano, mwombeni auite Jumapili jioni.