Jeti Zije, Nasi Tusitolewe: Risala ya Warushaji wa Ndege Ndogo, Chalinze

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa Wizara ya Uchukuzi, wa Mkoa wa Pwani na wa Halmashauri ya Chalinze, wenyeviti wa vijiji, ndugu wananchi.

 

Tunaosoma risala hii ni marubani, wanafunzi wa urubani na walimu wao, mafundi, na wachache wenye ndege zao za injini moja. Tumeomba tukutane hapa Chalinze badala ya hoteli ya Dar es Salaam kwa sababu hapa ndipo njia zinapogawanyika. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Tanga na Arusha anakata kulia, wa Morogoro na Dodoma ananyoosha. Hata angani ni vivyo hivyo: mwanafunzi anayejifunza kusoma ramani huambiwa atafute njia panda ya Chalinze chini yake, kisha aamue.

Mheshimiwa, tuondoe kwanza wasiwasi mmoja. Hatupingi jeti za wafanyabiashara. Mkoa huu una kiwanda cha vigae hapa Chalinze, kiwanda cha sukari Bagamoyo, bandari kavu ya Kwala, na tangu Juni 2024 treni ya umeme inapita. Mwenye mtaji wa namna hiyo atataka kushuka na ndege yake asubuhi na kuondoka jioni. Aje. Tunachokililia ni mahali pa kuegesha na mafuta ya kuruka baada ya yeye kufika.

Sababu ya kulisema sasa ni hii. Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere lilipoanza kazi Agosti 2019, likiwa na uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka, ndege kubwa zilihamia huko, nasi wa ndege ndogo tukabaki Jengo la Kwanza, lile la zamani. Na huku Bagamoyo, mpango wa eneo maalumu la kiuchumi umekuwa na kiwanja cha ndege ndani yake, pamoja na bandari na viwanda. Pote pawili, ukisikia watu wanazungumzia maboresho, anayetajwa kwanza ni mwekezaji na jeti yake. Bado hatujamsikia anayetaja Cessna.

Wapo miongoni mwetu waliokwisha kuyaona haya kwenye kiwanja kimoja ambacho hatutakitaja, kwani hatukuja kushtaki mtu. Kilikuwa kiwanja kidogo, kikaja kuboreshwa. Lami ikaongezwa, uzio ukasimama, chumba cha wageni maalumu kikawekewa viyoyozi. Tulishangilia kama wengine. Kisha maegesho yetu yakasogezwa hadi mwisho kabisa, kwenye changarawe, ambako kila jeti ikiwasha injini vumbi na kokoto vinaturukia kwenye mapanga. Mkataba wa banda uliokuwa wa miaka ukawa wa mwezi kwa mwezi. Fundi gani atanunua mashine ya kuchomelea kwa mkataba wa mwezi? Ada ya kutua ikapangwa kwa kiwango kimoja cha chini, na kiwango hicho kwa jeti ni hela ya soda, kwa mwanafunzi anayetua na kuruka mara nane katika somo moja ni mshahara. Mwalimu mmoja alijaribu kuomba punguzo akaambiwa mfumo haukubali. Hakuna siku tuliyoambiwa tuondoke. Tulijikuta tu tumeondoka.

Kubwa kuliko yote lilikuwa mafuta, na hapa tunaomba subira yako, maana wengi walio nje ya kazi hii hudhani mafuta ya ndege ni yale yale. Jeti inatumia Jet A-1, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Hata Caravan, ile inayobeba watalii kwenda mbugani, inatumia hayo hayo kwa sababu injini yake ni ya tabo. Lakini Cessna 172 ya kufundishia ina injini ya pistoni kama ya gari, nayo inataka avgas, petroli ya ndege yenye rangi ya buluu. Kila asubuhi kabla ya kuruka rubani anachuruzisha kidogo kutoka chini ya bawa kwenye kikombe cha plastiki angavu, anakiinua kwenye mwanga. Anatafuta maji, ambayo hukaa chini kama shanga, na anatazama rangi. Akikuta haina rangi, au imeelekea umanjano, haruki, kwa kuwa huenda kuna aliyemimina Jet A-1, na injini ya pistoni ikipewa hiyo huzima muda mfupi baada ya kupaa.

Sasa mfanyabiashara wa mafuta akishapata jeti moja inayojaza maelfu ya lita kwa mara moja, atatunza tangi la avgas la nini, la kumuuzia mwanafunzi lita sitini? Analifunga. Havunji sheria yoyote. Ila tangi hilo likifungwa, shule ya urubani imefungwa nalo, hata kama njia ya kurukia ni mpya na inang'aa.

Tunajua pia jibu tutakalopewa: hao ni matajiri wanaochezea ndege. Mheshimiwa, nyingi ya Cessna zinazoruka Afrika Mashariki zilitengenezwa miaka ya 1970, na bei ya moja haifikii ya Land Cruiser mpya kama zilizoegeshwa hapo nje. Ndege za aina hii ndizo zinazohesabu tembo wakati wa sensa ya wanyamapori, na ndege ndogo ndizo zinazonyunyizia dawa kweleakwelea wanapovamia mpunga. Ndizo zinazotua Saadani, hifadhi yetu iliyotangazwa mwaka 2005, ambako rubani hupita chini mara moja kufukuza ngiri kwenye njia ndipo azunguke atue. Na rubani wa Dreamliner ya Air Tanzania hakuanzia kwenye Dreamliner. Taifa limenunua ndege kubwa tangu 2016, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kimenunua ndege za mafunzo. Hizo za mafunzo zitafanyia wapi mazoezi, ikiwa kila kiwanja kinachoboreshwa kinawafungia mlango walio wepesi?

Jirani zetu wa Nairobi wana kiwanja cha Wilson. Klabu ya warushaji ya Afrika Mashariki ilianza 1927, Bi Florence Kerr Wilson akaanzisha kampuni yake ya ndege 1929, na kiwanja kikapewa jina lake 1962. Pale madaktari wa AMREF, shule za urubani, ndege za miraa na jeti za kukodi wanagawana njia mbili. Si peponi, majumba yamejengwa hadi karibu na mkondo wa kutua, na hakuna tena pa kupanuka. Lakini wanaishi pamoja, na hilo linatutosha kama ushahidi.

Mfano mwingine uko mbali, kiwanja cha Santa Monica, California. Jeti zilipozidi, waliochoka na kelele na moshi ni majirani. Waliandamana na kushtaki kwa miaka, hadi mwaka 2017 njia ikafupishwa kuwa mita 1,067 ili jeti kubwa zishindwe, na mji ukapewa ruhusa ya kukifunga kiwanja chote baada ya tarehe 31 Desemba 2028. Ugomvi ulianzia kwa jeti, kikifungwa watapoteza wote. Wenyeviti wa vijiji mliopo hapa mlifikirie hilo kabla ya kuulizwa maoni kwa haraka haraka.

Kwa hiyo tunaomba, na mengine tunadai.

Tunadai maegesho na mabanda ya ndege ndogo yawemo kwenye mchoro kabla zabuni haijatangazwa, si kama nafasi itakayobaki. Mikataba ya mabanda isipungue miaka kumi. Leseni ya kuuza Jet A-1 kiwanjani iwe na sharti la kutunza avgas. Anayetaka faida ya tangi kubwa abebe na dogo. Ada za kutua na kuegesha zifuate uzito wa ndege bila kiwango cha chini, ziandikwe kwa shilingi, kama kanuni za mwaka 2025 zinavyotaka kwa bei za ndani, na mazoezi ya kutua na kuruka yalipiwe kwa somo.

Kwa kiwanja kitakachojengwa upya, tunaomba njia ya pili ya nyasi, mita 800 tu. Isiwe pembezoni mwa lami. Jeti ya zaidi ya kilo 7,000 huacha nyuma yake mizunguko ya hewa inayoweza kuipindua ndege nyepesi, na taratibu za kimataifa huzihesabu njia mbili sambamba zilizoachana kwa chini ya mita 760 kuwa kama moja kwa jambo hilo. Ardhi ya upana huo ipo leo. Baada ya viwanja kupimwa na kuuzwa haitakuwepo.

Na kwa kuwa ardhi hiyo ina wenyewe: wapo wananchi wa Bagamoyo waliofanyiwa tathmini kwa ajili ya eneo la kiuchumi wakasubiri fidia kwa miaka. Hatutaki njia ya nyasi iliyolimwa juu ya shamba la mtu ambaye hajalipwa. Alipwe kwanza, kwa bei ya siku ya malipo.

Mwisho, tunaomba kikao kimoja na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, Mamlaka ya Usafiri wa Anga na baraza la watumiaji wa huduma zake, kifanyike ndani ya siku tisini, michoro ikiwa mezani. Tuko tayari kugharimia usafiri wetu wenyewe.