Udongo Upelelezwe Kabla ya Kujenga

Askari yeyote aliyewahi kuchimba handaki anajua kwamba ardhi hailingani. Hapa jembe huzama kama katika uji. Hatua ishirini kando hugonga jiwe jekundu likarudisha cheche. Kwingine shimo hujaa maji kabla halijafika kiunoni. Lakini mpiganaji huyo huyo, aliyefundishwa kutosogeza kikosi bila kutanguliza wapelelezi, akishapata mkopo wa nyumba huingiwa na pupa ya ajabu. Hununua kiwanja jioni, hupeleka matofali asubuhi, wala hana habari ya kilicho chini ya majani.

Katika Uganda, Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kujenga bila kibali cha kamati ya majengo ya mahali pake, na nyumba ikikamilika kinatakiwa kibali kingine cha kuhamia. Wengi wetu tumezoea kuzitazama karatasi hizi kama vizuizi vya barabarani, jambo la kuvuka upesi ili safari iendelee. Kwa mawazo hayo, ripoti ya udongo imefanywa kuwa karatasi ya kunenepesha faili. Mhandisi wa kweli haioni hivyo. Kwake ripoti hutangulia michoro, kwa kuwa hawezi kukadiria upana na kina cha msingi wala unene wa vyuma kabla ya kujua ardhi itabeba uzito gani.

Na penye haja ya karatasi hapakosi wachuuzi wa karatasi. Wapo wanaouza ripoti iliyoandikwa kwa ajili ya kiwanja cha mtu mwingine, wakabadilisha jina na namba ya ploti tu. Kina cha mashimo kimetajwa, hesabu zimepangwa, mhuri umegongwa. Kilichokosekana ni shimo lenyewe. Askari anayenunua ripoti ya namna hiyo hana tofauti na kamanda anayepokea taarifa ya doria ambayo haikutoka kambini. Ndugu zetu wa polisi wanalijua jina la kosa hilo, na tungependa kuona wakilishughulikia kwa bidii ile ile wanayoielekeza kwa mwizi wa kuku. Aliyeibiwa kuku hupoteza kuku, bali huyu hupoteza kiinua mgongo chake chote.

Uchunguzi wenyewe si uganga. Kwa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa huchimbwa mashimo machache ya kuingia mtu, katika pembe mbalimbali za kiwanja, hadi chini ya kina kinachotarajiwa kuwa cha msingi. Tabaka za udongo hupimwa, hutajwa rangi na ugumu wake, na kina cha maji huandikwa. Kwa jengo zito zaidi hutobolewa ardhi kwa mtambo: nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka kimo cha milimita 760, na mapigo yanayohitajika kuuzamisha mchi milimita 300 huhesabiwa. Mapigo mawili au matatu ni habari mbaya. Thelathini ni habari njema. Sampuli hupelekwa maabara, kama ile Maabara Kuu ya Vifaa vya Ujenzi ya serikali iliyoko Kireka, ambako huchekechwa, hukaushwa na kupimwa ni kiasi gani zinavimba na kunywea.

Mwishoni hutolewa tarakimu moja ambayo kila mwenye nyumba angeijua kwa moyo kama namba yake ya jeshi, nayo ni uzito ambao ardhi inaweza kubeba kwa salama. Huandikwa kwa kilopaskali, na kilopaskali 100 ni karibu sawa na tani 10 kwa mita moja ya mraba. Tuseme ukuta pamoja na paa lake unaubebesha msingi tani 4 kwa kila mita ya urefu. Palipo na ardhi ya tani 10, msingi wenye upana wa sentimita 40 unatosha. Palipo na ardhi ya tani 5, zinahitajika sentimita 80. Fundi asiyeambiwa lolote atachimba upana ule ule aliochimba kwa jirani. Jirani huenda yuko juu ya murram ngumu, nawe uko juu ya tope lililojificha.

Nchi yetu imejaa mabadiliko ya namna hiyo. Vilima vya Kampala mara nyingi vina kofia ya jiwe jekundu, na mabonde yake yana mafunjo na udongo mlaini, yote ndani ya mteremko mmoja. Kiwanja cha bondeni huwa cha bei nafuu, na unafuu huo una sababu ambayo dalali haitaji. Zaidi ya hayo, Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 237, imeweka ardhi ya kinamasi chini ya amana ya serikali kwa niaba ya wananchi. Ripoti ya udongo, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kuhalalisha ujenzi ndani ya kinamasi. Waliobomolewa Lubigi mwaka 2024 walikuwa na kuta kama za watu wengine.

Waliotumikia Karamoja, nao, hawahitaji kuelezwa habari za ule udongo mweusi unaokamata malori wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Udongo huo hunywa maji ukavimba, hukauka ukanywea, mwaka baada ya mwaka, na msingi ulio juu yake hupanda na kushuka pamoja nao. Wengi hudhani nyumba ndogo haihitaji uchunguzi kwa kuwa ni nyepesi. Kwa udongo huu kinyume chake ndicho kweli: jengo zito hugandamiza, lakini kijumba chepesi hunyanyuliwa. Kuta hupasuka kuanzia pembe za madirisha, mlango hukataa kufunga, na mwenye nyumba humlaumu fundi kwa saruji haba. Pengine fundi anastahili lawama, maana majengo huanguka kwa zege mbovu pia. Lakini ufa unaofunguka kiangazi na kufumba masika umeletwa na udongo.

Iko hatari nyingine ambayo shimo la kiwanjani haliwezi kuionyesha. Mlima ulipoporomoka Nametsi, wilayani Bududa, tarehe 1 Machi 2010, askari walipelekwa kufukua kwa majembe na koleo. Tarehe 10 Agosti 2024 lilimomonyoka jaa la taka la Kiteezi, likafukia nyumba za watu, na zaidi ya 30 wakafa. Katika misiba yote miwili kifo kilitoka juu, nje ya mipaka ya viwanja vya marehemu. Kwa hiyo mchunguzi anayetazama ndani ya mipaka ya hati peke yake hajamaliza kazi. Mwulize kuhusu mteremko ulio juu yako, maji ya mvua yanakopita, na kama kiwanja kimejazwa taka au kifusi kikafunikwa udongo mwekundu ili kipendeze machoni mwa wanunuzi.

Wakati unaofaa kuchunguza ni kabla ya kulipia kiwanja. Mwombe muuzaji ruhusa ya kuchimba shimo moja. Akikataa, amekwisha kukupa ripoti bila malipo. Ikiwezekana shimo lichimbwe katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba, maji ya chini yanapokuwa yamepanda. Mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Hata pale ofisa wa majengo asipoidai ripoti kwa nyumba ya vyumba vitatu, idai wewe.

Tunajua kwamba askari hapangi mahali pa kuwapo. Wengi waliojenga kwa posho za Somalia, ambako majeshi yetu yaliingia mwaka 2007, walisimamia nyumba zao kwa simu, nao waliokuwa nyumbani wakawaambia waliyotaka kuyasikia. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa mtu mmoja mmoja. Vyama vya akiba na mikopo vya jeshi na polisi vinaweza kukataa kutoa fedha za msingi mpaka vione ripoti, pamoja na picha za mashimo yenye kamba ya kupimia ndani yake, kwa kuwa fedha inayozama ni ya wanachama wote. Makamanda nao wawape ruhusa ya siku moja walio karibu, siku ya kuchimba. Na maofisa wa uhandisi tulio nao jeshini wapewe saa mbili katika kila muhula wa mafunzo, wawafundishe wenzao kuisoma ile tarakimu ya mwisho.