Bustani na Banda: Ua Kwanza, Kuku Baadaye

Wahenga walisema kwamba mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Maneno hayo yampasa kuyafikiri kila mtu mwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba yake, kabla hajanunua hata tetea mmoja. Kuku hachakuri kwa ubaya, ndivyo alivyoumbwa. Udongo mwororo uliolimwa jana, wenye mbolea na unyevu, kwake ni meza iliyoandaliwa. Basi bustani ikiharibiwa, mwenye kosa si kuku, bali ni yule asiyepanga mambo yake mapema.

Chukuliwe mfano wa karani mmoja akaaye pembezoni mwa mji wa Nyeri, katika kiwanja cha futi 50 kwa 100, kama vilivyo viwanja vingi vya huko. Mwezi wa Machi, mvua za masika zilipokaribia, alipata matetea 10 na jogoo 1 kwa bei nafuu, akawaleta nyumbani kwa furaha. Juma lile lile mkewe alikuwa amekwisha kupandikiza miche ya sukumawiki na kabichi. Jumamosi asubuhi mama huyo alikwenda soko la Karatina. Aliporudi alasiri hakukuta mche hata mmoja uliosimama. Zaidi ya hayo, kuku walikuwa wamepita chini ya ua na kuingia katika maharagwe ya jirani, bibi mzee mjane, wakayafukua yote yaliyokuwa yanaanza kuota.

Mkewe alisema maneno machache tu: “Baba watoto, umenunua njaa kwa fedha yako mwenyewe.”

Karani alikwenda kwa jirani jioni ile ile kumwomba radhi, akamchukulia kibaba cha mbegu. Yule mzee akamjibu kwa upole, “Mwanangu, mbegu nimezipokea. Lakini mvua iliyokwisha kunyesha huwezi kunirudishia.” Jibu hilo lilimchoma karani kuliko matusi, kwa kuwa lilikuwa kweli. Katika nchi ya Mlima Kenya, mwenye kukosa majuma matatu ya mwanzo wa mvua amekosa sehemu kubwa ya msimu.

Hata hivyo, si kweli kwamba kuku na mboga haviwezi kukaa pamoja. Vikipangwa vizuri, kimoja hulisha kingine. Kosa la karani lilikuwa la utaratibu: alianza na kuku, akamalizia na ua. Utaratibu ulio sawa ni huu: ua kwanza, banda la pili, mbolea ya tatu, na kuku mwisho.

Mpango na uanze juu ya karatasi. Mtu apime kiwanja chake kwa kamba, achore nyumba, choo, kisima na njia ya maji ya mvua, ndipo achague mahali. Bustani iwe karibu na jiko, mahali penye jua. Banda liwe mbali kidogo, na kwa vyovyote lisiwe juu ya kisima, maana uchafu wake hufuata maji. Akaaye mjini aulize pia katika ofisi ya kaunti ni masharti gani yanayohusu ufugaji katika mtaa wake, asije akajenga na kuamriwa kubomoa.

Kwa jamaa ya watu sita au saba, kipande cha futi 20 kwa 25 chatosha kuanzia. Kigawanywe kuwa matuta manne, kila moja upana wa futi 4, ili mkono ufike katikati bila mtu kulikanyaga tuta. Tuta moja la namna hiyo hubeba miche 32 ya sukumawiki katika mistari miwili, kwa nafasi ya futi 2 kati ya mistari na futi 1 na nusu kati ya mche na mche. Tuta la kwanza lipandwe sukumawiki au kabichi, kwa sababu mboga hizo zina njaa kubwa ya mbolea. La pili lipandwe maharagwe au minji, mimea irudishayo nguvu katika udongo. La tatu lipandwe karoti na vitunguu, visivyopenda samadi mbichi; karoti ikiikuta hugawanyika miguu kama mandrake ya waganga. La nne lipumzike.

Ua wa bustani uwe na kimo cha futi 5. Waya wa kuku ni mzuri, lakini fito zilizosukwa karibu karibu hufaa vilevile. Sehemu ya chini ifukiwe nusu futi ardhini, kwa maana kuku hupita chini kuliko apitavyo juu. Tetea mwepesi arukaye apunguzwe manyoya marefu ya bawa moja tu. Hapo hupoteza mizani na kubaki chini.

Kwa kuku 11, banda la kulala lenye sakafu ya futi 6 kwa 5 latosha, nalo liinuliwe futi 2 kutoka ardhini ili nguchiro na panya wasiingie kwa urahisi. Ndani yake ziwekwe fito za kulalia na viota vyenye nyasi kavu. Hewa ipite juu, chini ya paa, wala upepo usiwapige kuku mwilini. Watu wengi huziba kila tundu kwa kuogopa baridi ya Julai, kumbe hewa nzito yenye harufu ya kinyesi huwadhuru kuku kuliko baridi yenyewe. Mbele ya banda uwepo uwanja uliozungushiwa ua, wapate kutembea na kuota jua.

Sasa yaja faida. Kinyesi cha kuku kina nguvu nyingi kuliko samadi ya ng'ombe, na kwa sababu hiyo huunguza mimea kikitiwa kibichi. Kichanganywe na majani makavu na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, kirundikwe, kifunikwe kwa majani ya migomba mvua isikioshe, na kigeuzwe kila baada ya majuma mawili. Baada ya miezi 3 hivi rundo huwa baridi, jeusi, halina harufu mbaya, na hapo ni mboji iliyo tayari. Ikumbukwe pia kwamba kinyesi kibichi chaweza kuwa na vijidudu vya kumdhuru binadamu. Kwa mboga iliwayo bila kupikwa, kama karoti na dhania, zipite siku 120 tangu kinyesi kibichi kuingia udongoni hata siku ya kuvuna.

Tuta lile linalopumzika ndilo shule ya kuku. Watiwe humo mchana ndani ya kizimba cha mbao na waya kisicho na sakafu, chenye kuhamishika. Watachakura, watakula sota wakatao miche usiku, watameza mbegu za magugu, na kuacha samadi yao. Msimu ufuatao tuta hilo lipewe sukumawiki, na kila zao lisogee tuta moja nyuma. Hivyo adui wa mwezi wa Machi huwa kibarua asiyedai mshahara.

Bustani nayo hulipa deni lake. Majani ya nje ya kabichi na sukumawiki iliyozeeka ni chakula kizuri, na hukifanya kiini cha yai kuwa cha manjano mazito. Lakini wasipewe maganda ya viazi yaliyogeuka kijani, wala maganda na kokwa za maparachichi, wala mahindi yaliyoota ukungu. Vyote hivi vina sumu. Majani yaliyonyunyiziwa dawa ya wadudu yasiwafikie kabisa.

Kuna jambo moja lililo kubwa kuliko ua. Ni ugonjwa wa Newcastle, uitwao pia kideri au mdondo. Kuku huhema kwa shida, huharisha kijani, hupinda shingo, na banda zima laweza kuwa tupu kwa siku chache. Ukiisha kuingia hauna dawa, ila chanjo hukinga. Chanjo ya matone ya jicho hutolewa kwa kuku wazima, na kurudiwa kila miezi 3. Afisa wa mifugo atamwonyesha mfugaji namna ya kuitunza na kuitumia. Hatari huzidi wakati wa sikukuu za Desemba, kuku wanapochukuliwa huku na huku. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Basi kuku aliyenunuliwa akae peke yake majuma 3, mbali na wenyeji, na ahudumiwe mwisho. Aliyekufa kwa ugonjwa azikwe chini sana au achomwe. Asitupwe katika rundo la mboji.

Kwa habari ya majira, upande wa Nyeri na Karatina kitalu cha miche kisiwe nyuma ya mwisho wa Februari, ili miche ya majuma 4 hadi 6 ikutwe na mvua za Machi na Aprili. Tetea alalie mapema mwakani, kwa kuwa mayai huanguliwa baada ya siku 21, na vifaranga wa Februari huwa wameota manyoya kabla ya ukungu na baridi ya Juni. Watu wa Embu na Meru watatilia mkazo mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo kwao ni za kutegemewa zaidi. Wa Nanyuki, walioko upande mkavu wa mlima, watandaze nyasi juu ya matuta na kuyahifadhi maji ya paa.

Yafaa pia kukumbuka habari ya Karatina wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Serikali iliweka huko kiwanda cha kukausha mboga kwa chakula cha askari, na wakulima wa jirani wakalima kwa bidii na kupata fedha. Vita vilipokwisha mwaka 1945, haja ya mboga zile ilikwisha, na kiwanda kikafungwa. Mnunuzi wa mbali huja na kuondoka. Mnunuzi wa kwanza wa bustani ya nyumbani ni sufuria ya nyumbani, naye haendi popote. Linalozidi ndilo liende sokoni, nalo liandikwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Yule karani aliwauza kuku sita, na kwa fedha hiyo akanunua waya. Mvua za Oktoba zilipofika, ua ulikuwa umesimama na rundo la mboji lilikuwa tayari. Debe la kwanza la mboji hiyo hakulitia katika bustani yake. Alilibeba begani mpaka kwa bibi mzee jirani yake, akaomba aonyeshwe tuta la maharagwe.