Tahadhari: Usingizi wa Kijana Ukibadilika, Usiuite Uvivu

Wazazi, walezi na walimu wa bweni, kijana aliyezoea kulala vizuri akianza kukesha, au kushinda kitandani mchana kutwa, msikimbilie fimbo. Huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, na mara nyingi usingizi huvurugika kabla mwenyewe hajapata la kusema.

Ni kweli balehe huchelewesha usingizi. Melatonini, homoni inayoleta usingizi, hutoka kwa kuchelewa, ndiyo maana kijana mwenye afya njema husinzia usiku umeenda na kuamka kwa shida. Lakini huyo akilala kwa muda wa saa nane hadi kumi unaomtosha, huamka na hamu ya chakula na mpira. Mwenye sonona hugaagaa hadi usiku wa manane, au huzinduka saa tisa usiku asilale tena. Mwingine hulala mno, akaamka amechoka vilevile. Tazama na mengine: hasira za ghafla, kuwakwepa rafiki, alama kushuka, kujiona hana thamani. Yakidumu wiki mbili, mpeleke kituo cha afya. Ukimwona halali kabisa na bado ana nguvu nyingi na maneno mengi, mweleze daktari hilo pia, kwani tiba ya hali hiyo ni tofauti.

Ili alale, usimpe Piriton wala dawa za usingizi za bibi yake. Hazitibu sonona, na vidonge vilivyozagaa nyumbani ni hatari kwa mtu aliyekata tamaa. Simu zilale sebuleni usiku, ya baba ikiwemo, lakini msidhani kumnyang'anya simu ndiyo tiba. Daktari akimwanzishia dawa za sonona, mchunguzeni kwa karibu wiki za mwanzo, maana mawazo ya kujiua yanaweza kuzidi. Msizikatishe bila kumuuliza daktari.

Akitamka kwamba bora afe, akigawa vitu vyake au akiaga watu, msisubiri wiki mbili. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani, humfungulia mlango wa kusema. Asiachwe peke yake hata usiku. Fungieni dawa, sumu ya panya na viuatilifu vya shambani, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Kenya na Tanzania, namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure.

Leo jioni, kabla ya kumgombeza kwa kuchelewa kuamka, muulize amelala vipi, kisha nyamaza umsikilize.